Pumzi ya Mtangazaji

Bwana Mabati alitaka jibu la posa yake kabla jua halijazama, na mama alikwishamwahidi kwamba atalipata. Mwenye kulitoa jibu lenyewe, Bi Mapazia, alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya duka lake, miguu ameikunja, anapuliza vumbi kwenye kaseti.

Tuseme ukweli, Bwana Mabati hakuwa na kasoro ya kumtoa mtu mbio. Alikuwa mgane wa heshima, duka lake la mabati na misumari lilijulikana, sauti yake ya upole, viatu vyake safi hata siku za mvua. Mwanamke aliyefiwa na mume, mtoto wake wa pekee amekwenda chuoni, akitokewa na mtu wa namna hiyo majirani humwambia ashukuru. Mama yake alikuwa ameshashukuru kwa niaba yake. Shida ni kwamba Bi Mapazia hakuwa mtu wa kufanyiwa mambo kwa niaba. Duka lile alilianzisha na cherehani moja ya mkopo mwaka aliofariki mumewe, leo lina mafundi na wateja wa kupanga foleni, na madirisha mengi ya mji ule alikuwa ameyapima kwa mkono wake mwenyewe. Mtu kama huyo humsukumi, unamwomba.

Na shida ya pili ilikuwa imekaa mbele yake, imekunja magoti marefu, imeshika penseli na kuizungusha ndani ya tundu la kaseti ili kurudisha utepe uliochomoka.

Huyo ndiye Antena. Jina hilo alipewa ujanani, kwa urefu wake na kwa kibarua chake. Redio ya kina Bi Mapazia ilikuwa haishiki vizuri mpaka mtu apande ukuta wa uani na kushikilia waya juu, na mtu huyo alikuwa yeye. Alisimama kule na mikono hewani, jua linamchoma utosi, binti yuko chumbani anarekodi nyimbo. Ukimwona kijana anaungua juani kwa ajili ya wimbo ambao yeye mwenyewe hausikii, ujue ana lake. Kisha akapata kazi ya kupima ardhi, akapanda basi, akapotelea huko kwenye mahema. Hakuaga. Kuondoka kwake Bi Mapazia alikuwa amekusamehe siku nyingi, lakini huko kutoaga kulimkaa kooni.

Sasa amerudi, mvi zimemwingia pembeni mwa kichwa, ndoa yake moja imekuja na kuondoka bila mtoto wala ugomvi. Alipanga nyumba jirani, akaja dukani kuagiza mapazia. Nyumba ina madirisha matatu. Mpaka wiki hiyo alikuwa ameshaagiza mapazia ya madirisha matano, na mafundi wa dukani walikuwa wanauma midomo wasicheke.

Siku hiyo alikuja na redio kaseti aliyoipata kwa muuza vitu vya zamani, akaipangusa, akaichomeka ukutani. Bi Mapazia akashusha katoni iliyokaa juu ya kabati miaka yote hiyo.

"Mlango uwe wazi," mama alisema. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anashonea ndoano kwenye pazia la mteja. Macho yake bado yalitunga uzi bila miwani.

"Mama, mimi ni mtu mzima. Nina duka."

"Ndiyo maana nimesema mlango. Ungekuwa mtoto ningemfukuza."

Antena alicheka puani. Mama hakucheka. Salamu yake ya shikamoo alikuwa ameiitikia marahaba ya nusu mdomo, na tangu hapo hakumwongezea neno.

"Hivi vipembe vya juu umevivunja vyote," Antena alisema, akizigeuza kaseti moja moja.

"Sasa? Usipovivunja, mtu anakuja kurekodi taarifa ya habari juu ya wimbo wako. Hizi zilikuwa mali. Zilikuwa zinaazimwa mpaka mitaa ya mbali, watu wanaozea watoto wao kwa kaseti zangu. Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu ya aliyeshika waya."

"Kwa sababu hazina mtangazaji. Kaseti za wenzangu, mtu yuko katikati ya kucheza anasikia, 'na mwingine anayesalimiwa ni shangazi yake.' Zangu ni muziki mwanzo mwisho. Yule bwana nilikuwa namjua kwa pumzi. Akivuta pumzi tu kabla hajasema, kidole changu kimeshafika."

Alisema hivyo huku amenyoosha kidole hewani, na wallahi ungedhani anaonyesha shahada. Antena alikitazama kile kidole kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bi Mapazia akakirudisha mapajani.

"Bonyeza basi tuone," Antena alisema.

Kaseti ilikoroma kidogo, kisha magitaa yakaingia, yametulia, kama watu waliokuwa wamekaa chumba cha pili wanangoja kuitwa. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ulipofika kwenye kiitikio Bi Mapazia alijikuta anaimba chini chini, na alipoinua macho akamkuta mwenzake anamwangalia. Zamani angekwepesha. Safari hii hakukwepesha, wala hakuwa na haraka. Moyo ulimpiga paa, naye akaacha umpige, maana hakuwa msichana wa kujidanganya.

"Unaangalia nini?"

"Nakuangalia wewe."

"Nimeona. Nauliza kwa nini."

"Zamani sikupata nafasi. Mikono ilikuwa na waya na macho yalikuwa na jua."

Mama alikohoa, na hakikuwa kikohozi cha mafua.

Wimbo wa pili ukaisha. Pale katikati palisikika kitu kidogo sana, mtu anavuta hewa, halafu kitufe, halafu wimbo wa tatu ukaanza kwa ngoma. Bi Mapazia aliinua mikono kama mshindi.

"Umesikia? Pumzi tu. Hakuwahi kupita hapo."

Tabasamu lilikuwa limemtoka Antena usoni. Alisogea, akazima, akairudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena. Hewa, kitufe, ngoma. Akazima.

"Kabla ya wimbo huu mtangazaji alisema nini?"

"Nitajuaje? Nimekwambia nilikuwa nakata."

"Kwenye kaseti umekata, nimeelewa. Nakuuliza wewe, masikioni mwako. Ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Nikishakata kurekodi nilikuwa nateremsha na sauti mpaka mwisho, maana ndio muda wangu wa kuandika maneno ya wimbo uliopita. Akiendelea kubwabwaja na salamu zake ananipoteza. Redio yetu si ilikuwa na kile kisindano? Mtu akiongea kinarukaruka, muziki ukirudi kinapanda juu na kukaa. Nilikuwa nakitazama hicho. Kikikaa, napandisha sauti, naachia kitufe." Akamtazama vizuri. "Antena, una nini? Umebadilika rangi."

"Kwa hiyo hukusikia."

"Kusikia nini?"

Yule bwana mrefu aliiweka penseli chini, akaipanga sawasawa na mstari wa sakafu, kazi ambayo haikuhitajika. Alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini.

"Hiki kilikuwa kipindi cha salamu cha Jumatano. Jumatano ya mwisho kabla sijaondoka. Kadi iliyosomwa kabla ya wimbo huu ilikuwa yangu, na wimbo niliuchagua mimi. Niliipeleka kwa mkono mpaka kwenye geti la kituo cha redio. Niliandika, 'Kadi hii inatoka kwa Antena, inamwendea binti anayerekodi. Jumapili asubuhi naondoka kwenda kazini mbali. Nataka kuoa, na ninayetaka kumuoa ni wewe. Ukikubali, njoo kituo cha mabasi uniage, na mimi nitarudi na wazee wangu. Usipokuja nitaelewa, wala sitakusumbua.' Akaisoma yote. Mimi siku hiyo waya niliufunga kwenye mti, nikaenda kwa kinyozi. Kinyozi alisimamisha mkasi, watu wakanipigia makofi."

Bi Mapazia alimtazama kitambo. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

"Yaani ulinichumbia mbele ya nchi nzima," alisema taratibu, "ukasahau kuniambia mimi."

"Nilidhani wewe ndiye utakayesikia kuliko wote. Ulikuwa hukosi kipindi."

"Na nyumba yetu ilikuwa imehama? Hukujua mlango?"

"Nilikuwa na aibu. Mdomo wangu ulikuwa haujui kusema mbele yako, si unakumbuka? Ndiyo maana niliazima wa mtangazaji." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilikaa kituoni tangu alfajiri. Basi la kwanza nikasema linajaa mno, la pili nikasema dereva simpendi. La tatu kondakta akanikamata mkono akaniambia, kaka, aliyekuwa anakuja angekuwa ameshafika."

Bi Mapazia aliumia, na aliumia kweli, kwa ajili ya kijana yule na begi lake, na kwa ajili ya msichana aliyekuwa nyumbani Jumapili ile ile akimngoja aje kuaga, kwani siku ya safari aliijua, amevaa gauni lake la kitambaa kizuri, ameketi sebuleni tangu asubuhi. Wote wawili walikuwa wamevaa vizuri, kila mmoja mahali pake, wanangojana.

Ndipo akagundua kimya kilichokuwa nyuma yake. Mama yake alikuwa mtu wa kuuliza. Ukipokea simu anauliza ni nani, ukinunua ndimu anauliza ngapi. Leo limesemwa jambo zito kiasi hicho chumbani, na mama hajauliza lolote.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Jumatano ile wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Na redio ya jikoni?"

Mama aliichoma sindano kwenye pazia, akaiacha hapo. "Ilikuwa inaongea," alisema.

"Ulisikia."

"Nilisikia. Nani ambaye hakusikia? Jirani alitoka mbio na mwiko mkononi akaja kunipongeza. Mwanzoni nilijua na wewe umesikia, ulikuwa umekaa mbele ya redio, kidole juu ya kitufe. Nikakuona kimya. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Nikasema basi, mwanangu amekataa, ana akili. Niliwaambia majirani wasikuulize, jambo linakuuma."

Bi Mapazia alikumbuka jambo, akakunja uso. "Ndiyo sababu waliniita Bi Maringo?"

"Ndiyo sababu."

"Mimi miaka yote nilijua ni kwa mwendo wangu."

Antena aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na Bi Mapazia naye kicheko kikamponyoka, kifupi, chenye machozi. Lakini hakikudumu. Alinyanyuka kutoka sakafuni akaenda kusimama mbele ya kiti cha mama yake.

"Hiyo ni mwanzoni, mama. Jumatatu yake je? Nilikuja kwako nalia. Nikakwambia Antena ameondoka hata hakuniaga. Ulinipa maji, ukaniambia wanaume ndivyo walivyo, nyamaza. Siku hiyo ulikuwa umeshajua kwamba sikusikia."

"Nilijua."

"Na ulijua aliniaga."

"Nilijua." Mama hakuinamisha uso. Huo ndio uliokuwa uzuri wake, hata akikosa hakukosa kwa kificho cha macho. "Baba yako tulikuwa tumemzika mwaka ule ule. Nyumba ilikuwa imebaki mimi na wewe. Nikasema, huyu akimfuata mpima ardhi ataishi kwenye mahema, leo mto huu, kesho mlima ule, na mimi nitabaki naongea na sufuria. Kijana hakuwa mbaya. Sikukuficha kwa ajili yake, wala kwa ajili yako. Nilikuficha kwa ajili yangu."

"Mama, hayo yameshapita," Antena alisema kwa adabu.

"Wewe ngoja kwanza," Bi Mapazia alimwambia bila kugeuka. "Wewe ulishasema redioni."

Akavuta kigoda akakaa, uso kwa uso na mama yake, magoti yao yakigusana. Alipozungumza hakupaza sauti. Alizungumza kama anavyozungumza na mteja aliyekata kitambaa vibaya, pole pole, ili kila neno lifike.

"Mume wangu nilimpenda. Mwanangu simbadilishi na kitu. Sina maisha ninayotaka kuyarudisha dukani. Lakini mama, nimetembea miaka yote hii nikijijua kuwa mimi ni mtu ambaye haagwi. Mtu anaweza kuniacha na asipite hata mlangoni. Hata marehemu alikuwa akichelewa kazini nilikuwa nawaza, haya, huyu naye. Mzigo huo nilikuwa nao kichwani ndani ya nyumba yako, na neno lako moja lingenitua."

Mama alinyoosha mkono akamshika kiganja. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nitakusamehe. Ila si leo. Leo nimekasirika, niache nikasirike."

"Una haki."

Walikaa hivyo kidogo, mkono ndani ya mkono, mmoja amekasirika na mwingine anakubali kukasirikiwa. Nje fundi mmoja wa dukani alikuwa anamweleza mteja bei ya pazia zito na pazia jepesi. Bi Mapazia alijifuta macho kwa upindo wa blauzi, akasimama, akageuka.

Antena naye alikuwa amesimama. Kichwa chake kilikaribia kugusa taa. Alikuwa ameshika kofia yake mbele ya kifua kwa mikono yote miwili, amekuwa kijana yuleyule, tofauti ni mvi.

"Kadi ile," Bi Mapazia alisema, "bado ina uhai, au ilikufa kituoni?"

"Ina uhai."

"Basi nisomee mimi. Si kinyozi."

Antena alimtazama mama, akatazama mlango uliokuwa wazi, akatazama kofia.

"Sema kwa sauti, baba," mama alisema kutoka kitini. "Safari hii nataka asikie."

Ndipo akasema. Hakusema vizuri, nisikudanganye. Alianza na madirisha, kwamba kwake yako matatu na yeye anajua kuhesabu. Akaruka kwenye mahema, kwamba ameyaacha, siku hizi anafanya kazi ofisini kwenye meza ya ramani, saa kumi yuko nyumbani. Akasema alipokuwa huko mbali kila alipochomeka mti wa kupimia ardhini alijiuliza yule binti alimwona ana upungufu gani. Akasema hakuja kudai chochote. Kisha akaona anazunguka, akakata kona. "Nataka kuoa, na ninayetaka kumuoa ni wewe. Nilitaka hivyo nikiwa sina kitu, na sasa nina kidogo, bado nataka hivyo."

Bi Mapazia alimwacha afike mwisho. Mikono yake aliiweka nyuma, na mtu aliyemzoea angejua ilikuwa inamgharimu, maana jibu lilikuwa limeshafika mdomoni tangu kwenye madirisha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimekubali," alisema. "Sasa na wewe sikiliza. Duka langu halihami. Mama haachwi peke yake, nikiwa nimekasirika au nimefurahi, nitakakokaa ndiko atakakokaa. Na wewe ukienda popote, hata ukienda kununua mkate, unaniaga."

"Nitakuaga."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu."

Alimsogelea, akamtoa kofia mikononi maana ilikuwa imeshaharibika umbo, akaiweka juu ya cherehani, kisha akaishika ile mikono mirefu iliyobaki haina cha kushika. Hawakukumbatiana, mama yupo. Lakini walivyoshikana namna ile, vidole vikilegea na kukaza, hata mwenye haraka angejua pale hapana tena la kuulizwa. Bi Mapazia alijisikia mwepesi, na alijua kabisa ni kwa sababu gani.

"Simu yangu iko wapi?" mama aliuliza.

"Ya nini, mama? Bwana Mabati nitampigia mimi. Ni mtu mzuri, anastahili kuambiwa na mwenyewe."

"Utaongea naye baadaye, umwombe radhi kwa njia yako. Lakini niliyempa tumaini ni mimi, na nitakayemwondolea ni mimi. Lete."

Bi Mapazia alimpa. Mama alibonyeza namba taratibu, akaisogeza simu mbali na sikio kidogo kama kawaida yake, akajinyoosha mgongo.

"Bwana Mabati? Marahaba, baba. Za hapo dukani? Nashukuru. Baba, nakupigia kuhusu lile jambo letu. Nilikukosea, nilikuahidi kisicho changu. Mwanangu ana mchumba."

Sauti ya upole ilisema kitu upande wa pili. Mama aliisikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Antena, akamtazama binti yake, na hakuna aliyemkwepa.

"Hapana, si wa leo. Alimchumbia zamani, wote wakiwa vijana, na watu wengi walisikia. Jibu ndilo lililochelewa."

Sauti ikauliza tena, kwa ufupi.

"Lilichelewa kwangu," mama alisema.